Kadi ya Manjano na Safari Zetu

Sisi watu wa visiwani ni watu wa safari tangu na tangu. Wazee wetu walingoja kusi livume, wakatweka matanga kwenda Maskati, Hadharamauti na Bara Hindi, na kaskazi likawarejesha na tende, mazulia na habari za walimwengu. Jahazi lilikaa baharini wiki nyingi. Aliyepanda na maradhi ama alipona humo humo, ama alioshwa, akakafiniwa na kuteremshwa majini kabla nchi kavu haijaonekana. Leo mambo sivyo. Mtu huumwa na mbu Jumatatu katika mji wa mbali, Jumanne yuko kwao Makunduchi au Wete, na homa inamjia Ijumaa, akiwa amekwisha kukaa barazani siku tatu na mbu wa mchana wakimzunguka yeye na jirani zake. Ndiyo sababu tumeona yafaa kulizungumza jambo la chanjo za wasafiri, ambalo wengi wetu hulikumbuka siku moja kabla ya ndege kuondoka.

Neno lenyewe chanjo si geni kwetu. Kabla ya hospitali kujengwa mafundi wetu wakichanja watu chale na kuzipaka dawa, na chanjo ya ndui ilipokuja nayo ilikuwa ya kuchanjwa hasa, ngozi ya mkono ikatobolewa hata ikaacha kovu. Wazee wetu wenye kovu hilo wangali nasi. Vijana hulitazama wasijue kwamba limewaokoa wao vile vile, maana ndui ilikwisha duniani kabla wao hawajazaliwa. Mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, kwenye pwani hii hii yetu, mwezi wa Oktoba 1977. Alifanya kazi hospitalini na hakuwa na chanjo iliyoshika. Mwenyewe alikuja kusema baadaye kwamba aliogopa maumivu yake. Alipona, na miaka mingi baadaye akawa miongoni mwa watu waliopita nyumba kwa nyumba nchini mwake kuwashawishi wazazi juu ya chanjo ya polio.

Watu wengine hudhani kwamba masharti ya afya mipakani ni ukorofi ulioanzishwa juzi. Historia inasema vingine. Mwaka 1865 kipindupindu kiliingia Makka wakati wa Hija na kuua mahujaji kwa maelfu, na waliorudi makwao kwa meli wakakichukua hadi Misri na Ulaya. Mwaka uliofuata mataifa yalikutana Istanbul kulizungumza jambo hilo, na kuanzia 1882 dola ya Uthmania ikawa inawazuia mahujaji wa meli katika kisiwa cha Kamaran, kwenye Bahari ya Shamu, mpaka ijulikane kwamba ni wazima. Kituo kingine kilikuwa Tor, pwani ya Sinai, na huko ndiko mwaka 1905 vilikoonekana katika miili ya mahujaji vijidudu vya kipindupindu vilivyopewa jina la mji huo. Aina hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kutusumbua visiwani katika zama zetu.

Unguja nayo haikusalimika katika karne ile. Mwishoni mwa 1869 kipindupindu kiliuvamia mji na kuua watu wengi mno. Tabibu wa Kiskoti aliyekuwa akiishi hapa, James Christie, aliifuatilia njia ya ugonjwa ule kwa kuwauliza manahodha na watu wa misafara: ulitokea upande wa Bahari ya Shamu, ukapita bara hadi Pangani, ukavuka mkondo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1876. Na anayetaka ushahidi wa karibu zaidi asimame ufukweni Forodhani atazame kisiwa cha Changuu. Jengo la jela lililojengwa pale katika miaka ya 1890 halikupata wafungwa. Kisiwa kiligeuzwa karantini, abiria wa meli wakawekwa huko mpaka muda wao utimie. Leo watalii huenda kuwalisha kobe, na wachache huuliza kwa nini watu walikalishwa pale.

Basi na tuingie katika hiyo kadi ya manjano. Katika Kanuni za Afya za Kimataifa, ugonjwa ambao umetajwa kwa jina kuwa msafiri aweza kudaiwa cheti cha chanjo yake ni homa ya manjano. Kirusi chake huchukuliwa na mbu, na katika miji mbu huyo ni yule mdogo mweusi mwenye madoa meupe, aumaye mchana, azaliaye katika pipa, kopo na kifuu. Kwetu yupo tele. Homa ya dengi iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019 huchukuliwa na huyo huyo. Shirika la Afya Duniani huihesabu Tanzania kuwa nchi yenye uwezekano mdogo wa maambukizi ya homa ya manjano. Tafsiri yake kwa lugha nyepesi ni kwamba nyumba iko wazi na mwizi hajaingia. Ndipo msafiri anayetoka katika nchi zenye ugonjwa huo, nazo ni pamoja na jirani zetu Kenya na Uganda, huulizwa kadi anapofika hapa, na hata aliyepita huko tu katika uwanja wa ndege kwa zaidi ya saa 12.

Bara la Asia liko katika hali hiyo hiyo, na ndiyo maana India ni kali katika jambo hili. Tunawataja makusudi kwa kuwa wagonjwa wetu wengi hupelekwa huko kutibiwa. Anayefika India akitokea nchi yenye homa ya manjano, au akiwa amepita huko, bila ya kadi halali, aweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Mtu aliyechangiwa na ukoo mzima ili akapasuliwe moyo hana siku 6 za kukaa chumbani akingojea. Kabla ya kununua tiketi iliyo rahisi, mwangalizi wa mgonjwa aulize ndege inalala wapi.

Yaliyotokea Angola yanaonesha kuwa hofu hiyo si ya bure. Ugonjwa ulizuka Luanda mwezi wa Disemba 2015, ukaenea nchini na kuvuka hadi Kongo. Katika mwaka 2016 wafanyakazi 11 wa Kichina waliokuwa Angola walirudi kwao na homa ya manjano miilini mwao. Asia ilikuwa haijapata kuona jambo hilo. Yarabi salama, haukuenea huko. Lakini akiba ya chanjo duniani ilipungua mno, hata mwezi wa Agosti 2016 wakazi wa Kinshasa wapatao milioni 7 na nusu wakachanjwa kwa moja ya tano ya kipimo cha kawaida, kwa kuwa kipimo kizima kisingewatosha.

Hapa hatuna budi kusema jambo ambalo kwetu si fahari. Mwaka 2013 tulikuwa wanne katika ujumbe uliokwenda nchi moja ya Afrika Magharibi. Barua ya ruhusa ilichelewa, na siku 3 kabla ya kuondoka ndipo tulipoambiwa habari ya kadi. Tulikwenda katika ofisi moja, ambayo hatuitaji, tukapokewa kwa heshima zote. Tukapewa viti na chai, na kadi nne zikaandikwa mbele yetu. Tarehe zilirudishwa nyuma wiki tatu. Hakuna aliyepandisha mkono wa shati. Hatukuombwa hata senti, na huenda hilo ndilo lililotufanya tusione haya: tulijiambia kwamba rushwa ni fedha, na hapa fedha haikupita.

Usiku wa nne huko tulikokwenda mwenzetu alishikwa na homa kali, kichwa na kiuno vikamuuma hata akawa halali. Tulimpeleka hospitali. Daktari kijana aliomba kadi yake, akaisoma kwa makini, akasema kwamba kwa kuwa huyu amechanjwa, homa ya manjano hatuihesabu, natutafute mengine. Tukatazamana. Lile cheti tulilolichukua kuwa la kumridhisha afisa wa uwanja wa ndege sasa lilikuwa likimwelekeza tabibu asipatazame mahali ambapo pengine ndipo penye kifo. Palipita muda mrefu, kwa hakika mrefu kuliko ilivyostahili, kabla aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri hajatoka ukumbini na kumweleza daktari ukweli. Daktari hakutufokea. Aliagiza damu ipimwe upya, akaamuru mgonjwa alale ndani ya chandarua ili mbu wasimguse, na akatuandika majina sote wanne. Ilikuwa malaria.

Na hata malaria ile ilikuwa na funzo lake, kwani hapa visiwani maambukizi yameshuka chini ya asilimia moja, jambo ambalo sote tunajivunia, na kwa sababu hiyo miili yetu imekwisha kuisahau. Mtu wa Unguja anayekwenda bara au Afrika Magharibi leo ni mgeni mbele ya malaria kama alivyo Mzungu. Chanjo zake zilizoko ni za watoto wadogo wa nchi zenye ugonjwa, wala hazimhusu msafiri mtu mzima. Yeye ni chandarua, na dawa za kinga atakazoandikiwa na daktari.

Tuliporudi tulikwenda kuchanjwa kweli. Hapo tukajifunza kwa nini muuguzi huwaambia watu warudi siku fulani, jambo ambalo wengi, nasi tukiwamo, tulilichukua kuwa uvivu. Chanjo ya homa ya manjano ni ya kirusi kilicho hai kilichodhoofishwa. Hukaa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na kichupa kimoja mara nyingi huwa cha watu 10. Kikisha kuchanganywa na maji yake, baada ya saa 6 kilichobaki hutupwa. Muuguzi akikifungua kwa ajili ya mtu mmoja, dozi 9 zimekwenda na maji. Ndiyo maana huwakusanya watu. Tuliokuwapo katika giza la kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme ulipokatika Unguja miezi mitatu, twajua pia baridi hiyo ina gharama gani.

Baada ya sindano, kadi huanza kuhesabiwa halali siku ya 10. Anayechanjwa leo na kuruka kesho, mbele ya sheria hajachanjwa. Sindano moja hutosha kwa umri wote: tangu 11 Julai 2016 kadi ya homa ya manjano haina mwisho, hata ile ya zamani iliyoandikwa kwamba ni ya miaka 10. Afisa wa nchi yoyote akidai kuwa imekwisha muda, msafiri amjibu kwa upole na aombe mkubwa wake aulizwe. Kwa upande mwingine kadi yenyewe ina adabu zake, na wengi hukwama hapo. Jina liwe kama lilivyo katika pasipoti, herufi kwa herufi. Aliyeandikwa Khamis huku na Hamisi kule atapata taabu. Daktari au mtumishi wa afya aliyeruhusiwa atie sahihi yake kwa mkono, kwani muhuri peke yake hautoshi. Pafutwapo au kusahihishwa neno, kadi yaweza kukataliwa. Kila mtoto awe na yake, na mzazi amtilie sahihi asiyejua kuandika. Mzee asiyejua kusoma huweka alama yake, na mtu mwingine akashuhudia kuwa ni ya mzee huyo. Kadi hujazwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Lugha nyingine yaweza kuongezwa kando, hata Kiswahili chetu.

Lipo jambo la wazee ambalo halisemwi vya kutosha. Kwa kuwa chanjo hii ni ya kirusi hai, haifai kwa kila mtu. Mtoto aliye chini ya miezi 6 hachanjwi kabisa, na kwa kawaida hungojwa atimize miezi 9. Mwenye mzio mkali wa mayai, na ambaye kinga ya mwili wake imepungua sana, hawachanjwi. Mwenye mimba, anayenyonyesha mtoto mchanga, na aliyetimiza miaka 60 ambaye hajapata kuchanjwa, hawa daktari hukaa nao kwanza akapima hatari ya safari na hatari ya sindano. Akiona haifai, Kanuni zinamruhusu kuandika barua ya udhuru kwa Kiingereza au Kifaransa, na nchi anayokwenda msafiri yapaswa kuizingatia. Tumepata kumwona bibi mmoja akipangwa katika foleni pamoja na vijana, asiulizwe umri wala maradhi yake. Lile lilikuwa kosa.

Tukija kwenye Hija na Umra, sharti kubwa ni chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Mwaka 1987 ugonjwa huo ulizuka miongoni mwa mahujaji, na aina ile ile ikaonekana mwaka uliofuata katika maradhi makubwa ya Sudan na Chad. Serikali ya Saudia ikadai chanjo ya aina mbili, A na C. Mwaka 2000 na 2001 ikaja aina nyingine, W135, ambayo chanjo ile haikuizuia, ikawapata mamia ya mahujaji pamoja na watu wa nyumbani mwao waliokuwa hawakwenda popote. Tangu 2002 inayotakiwa ni ya aina nne, nayo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika. Cheti chake kina mwisho, miaka 3 au 5 kwa kadiri ya namna ya chanjo, kwa hiyo aliyekwenda Umra zamani asidhani amemaliza. Mwaka 2024 tu Uingereza, Ufaransa na Marekani ziliripoti wagonjwa waliotoka Umra au waliokaa na waliotoka huko, na wengi wao hawakuwa wamechanjwa. Kuhusu polio na homa ya manjano, masharti ya Saudia hufuata nchi anayotoka msafiri na hubadilika mwaka hata mwaka. Kiongozi wa kikundi cha mahujaji ayaulize ya mwaka wake, asitegemee aliyoyasikia mwaka jana. Wanaokumbuka Hija ya 2022 wanajua lilivyouma sharti la chanjo ya korona na umri usiofika miaka 65, na jinsi wazee waliodunduliza kwa miaka walivyobaki nyumbani.

Wako wanaosema ajali ni ya Mungu, sindano haizuii iliyoandikwa. Tuliokaa chuoni tulisomeshwa kisa cha Sayyidna Umar alipokuwa safarini kwenda Sham, akapata habari mahali paitwapo Sargh kwamba huko kumeingia tauni. Alishauriana na Maswahaba, kisha akaamua kurudi Madina. Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari, naye jibu lake likawa kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kuelekea kadari ya Mungu. Hatuna la kuongeza juu ya hilo.

Chanjo nyingine tutazitaja kwa haraka. Pepopunda na dondakoo huhitaji kukumbushiwa kwa mtu mzima. Surua ni hatari hata Ulaya, kwa hiyo mwanafunzi anayekwenda kusoma huko aangalie kama alichanjwa utotoni. Homa ya ini aina ya B hutaka sindano tatu katika miezi sita, na yamfaa hasa anayekwenda kupasuliwa au kufanya kazi hospitalini. Homa ya matumbo inawahusu zaidi ndugu zetu walioko Maskati, London na kwingineko wanaporudi na watoto wao wakati wa likizo, maana matumbo ya watoto hao hayajazoea maji ya visima vyetu. Ama cheti cha kipindupindu, mataifa yalikwisha kukiondoa katika masharti ya safari tangu 1973, na atakayeuziwa leo ajue amedanganywa. Chanjo ya kipindupindu ya kunywa iliyopo sasa ni nzuri, lakini hiyo ni kinga ya mtu wakati wa maradhi, haina uhusiano na mpaka.

Yanayobaki ni ya watendaji. Chanzo cha kadi zetu nne za uongo kilikuwa barua iliyolala mezani kwa mtu. Tunapendekeza kwamba ruhusa ya safari ya mtumishi wa umma anayekwenda katika nchi zenye homa ya manjano isitiwe sahihi mpaka namba ya kadi yake na tarehe ya sindano ziandikwe katika jalada, na tarehe hiyo iwe imetangulia safari kwa siku 10 kamili. Mgonjwa anayepewa rufaa ya kwenda nje apewe karatasi ya chanjo siku ile ile anayopewa barua ya rufaa, asingoje viza. Siku na saa za kuchanja, pamoja na ada yake, zibandikwe kwa masheha na zisomwe redioni, ili mtu wa Tumbatu au Kojani asivuke bahari kwa nauli yake akaambiwa arudi Alhamisi. Na anayeandika kadi bila ya sindano ashitakiwe kama anavyoshitakiwa mwenye kughushi pasipoti. Pamoja naye ashitakiwe aliyeipokea, hata kama alikunywa chai na hakutoa senti.